Kuisaka HRP2 kwenye tone la damu kavu: shajara ya mradi

Januari, mwanzoni

Naanza na lengo, ili kila anayeingia maabara alisome kabla hajashika pipeti. Tunataka kuiona HRP2 kwenye damu ya mtu mwenye vimelea vichache mno vya malaria, yule ambaye kipimo cha haraka humwambia hana kitu na akarudi nyumbani. HRP2 ni protini ya *Plasmodium falciparum*. Kimelea huitengeneza kikiwa ndani ya seli nyekundu ya damu, na seli ikipasuka protini humwagika kwenye plazma na kuendelea kuzunguka mwilini. Karibu theluthi ya asidi amino zake ni histidini. Ni protini chache sana zilizo hivyo, na tabia hiyo tutaitegemea huko mbele.

Vipimo vingi vya haraka kwenye zahanati zetu huitafuta protini hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani huvipima ubora kwa sampuli zenye vimelea 200 katika kila mikrolita ya damu. Kwa mgonjwa anayetetemeka kwa homa hicho ni kiwango kizuri, maana mara nyingi ana maelfu. Lakini Visiwani Zanzibar, ambako malaria imeshuka sana tangu katikati ya miaka ya 2000, wengi wanaobaki na maambukizi wana vimelea pungufu ya hapo. Hawaumwi, wanakwenda kazini, na mbu akiwauma anaweza kuondoka na vimelea. Mama mjamzito naye vimelea vyake huweza kujificha kwenye kondo la nyuma, damu ya kidole ikaonekana safi. Hao ndio tunaowatafuta.

Hesabu inayotuongoza ni hii. Kimelea kimoja kikipasua seli humwaga takriban femtogramu 5 za HRP2. Vimelea 200 kwa mikrolita ni kama nanogramu 1 kwa mililita, na ni karibu na hapo vipimo vya haraka vya kawaida huanza kukosa. Kimelea 1 kwa mikrolita ni pikogramu 5 kwa mililita (pikogramu 1,000 ni nanogramu 1). Protini yenyewe haiishi haraka mwilini: huchukua siku 3 hadi 4 kupungua nusu, ilhali mzunguko wa kimelea ni saa 48, hivyo kila mzunguko huongeza juu ya masalia ya uliotangulia. Kiasi halisi mara nyingi kitakuwa juu ya hesabu hiyo, nasi tunalenga pikogramu chache kwa mililita.

Tunalenga hapo kwa vifaa tulivyonavyo: mashine ya kusoma pleti (sahani ya plastiki yenye visima vidogo), inkubeta, friji, pipeti za njia nane na sumaku. Zipo mashine zinazonasa molekuli moja moja ndani ya visima vya ujazo wa femtolita na kuzihesabu. Mbinu hiyo ilichapishwa mwaka 2010 na inafika mbali kuliko ELISA ya kawaida, yaani kipimo cha kisimani ambamo kingamwili moja hunasa protini, ya pili huigundua, na kimeng'enya huleta rangi. Hospitali ya wilaya haitaipata karibuni. ELISA ya Eva Engvall na Peter Perlmann, iliyozaliwa Stockholm mwaka 1971, ipo karibu kila mahali penye maabara ya utafiti, na naamini kwa dhati kwamba bado ina nafasi kubwa ya kunolewa.

Januari, katikati

Kikao cha leo kilikuwa juu ya jambo moja: tukisema "tumeiona protini", tunamaanisha nini? Tumekubaliana kufuata njia ya hatua mbili. Kwanza tunapima sampuli zisizo na HRP2 kabisa, tunachukua wastani wa usomaji wake na kuongeza mtawanyiko (kiasi ambacho usomaji hutofautiana na wastani) mara 1.645. Huo ndio mpaka wa utupu. Kisha tunapima sampuli yenye kiasi kidogo sana na kuongeza juu ya mpaka ule mtawanyiko wake mara 1.645. Chochote chini ya hapo hatutakiita HRP2, hata kama macho yanashawishika.

Nimeandika ubaoni mfano wa kufikirika. Tuseme visima vitupu vinatoa wastani wa 0.100 na mtawanyiko wa 0.020. Mpaka wa utupu ni 0.133. Sasa tuseme wastani umebaki uleule lakini mtawanyiko umeshuka hadi 0.005. Mpaka unashuka hadi 0.108. Hatujaongeza rangi hata kidogo kwenye sampuli zenye protini, lakini zile zilizokuwa zimefunikwa zimeibuka. Ndiyo maana nimeomba mwezi mzima wa mwanzo twende na visima vitupu tu. Mwanafunzi wetu wa uzamili alitamani tuanze na vikuzaji vya rangi, vile vyenye peroksidesi (kimeng'enya kinacholeta rangi) nyingi zilizoungwa pamoja. Namwelewa, ndivyo matangazo ya vitendanishi yanavyosema. Lakini kikuzaji hukuza kila kilichomo kisimani, pamoja na uchafu.

Sampuli za utupu si bafa, yaani mmumunyo wa chumvi wa kuzimulia. Ni damu ya watu wasio na malaria, iliyokaushwa kwenye karatasi ya chujio na kuloweshwa kama sampuli nyingine zote. Bafa tupu ina tabia nzuri mno. Damu ndiyo inayosumbua. Ruhusa ya kimaadili ya kutumia sampuli hizi imeshakuwa mkononi.

Februari, mwanzoni

Kuziba nafasi. Baada ya kingamwili ya kunasa kushika sakafu ya kisima, nafasi zinazobaki wazi lazima zizibwe, la sivyo kingamwili ya pili nayo itajibandika huko na kuleta rangi ya uongo. Tumelinganisha maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kaseini iliyosafishwa na albumini ya ng'ombe.

Maziwa yanaziba vizuri na ni rahisi, ila yana biotini ndani yake. Mfumo wetu unategemea biotini iliyo kwenye kingamwili ya kugundua kushikwa na streptavidini iliyobeba peroksidesi. Biotini ya maziwa inakimbilia streptavidini ileile na kuishika kabla. Maziwa tumeyaacha. Kaseini iliyosafishwa imetupa utupu ulio chini na, muhimu zaidi, unaofanana pleti hadi pleti. Albumini tumeibakiza kwenye bafa ya kuzimulia.

Kingine cha kuandikwa kwa herufi kubwa mlangoni mwa friji: AZIDI YA SODIAMU HUZIMA PEROKSIDESI. Kingamwili nyingi huuzwa zikiwa na azidi ili zisiote bakteria. Kwenye kingamwili ya kunasa haina neno, maana huoshwa mapema. Kwenye bafa inayoandamana na streptavidini ni balaa. Tumepitia lebo za chupa zote na kuzitenga rafu mbili.

Februari, mwishoni

Jambo la juma hili lilianza kwa visima vichache vya utupu kugeuka buluu vyenyewe, bila mpangilio, kingine hapa kingine kule. Tulibadilisha kingamwili, tukabadilisha maji, bado. Ndipo kijana wetu wa maabara akamwita yule mtaalamu mwandamizi ambaye sote tunamwita Mama.

"Mama, naomba utuangalizie hapa. Hivi havina damu wala protini."

Mama hakuangalia pleti kwanza. Aliinama akanusa benchi. "Mwanangu, hapa pamefutwa na nini leo asubuhi?"

Palikuwa pamefutwa kwa dawa ya klorini, kama inavyotakiwa penye kazi ya damu. Klorini huoksidisha kitendanishi chetu cha rangi, TMB, kama peroksidesi inavyofanya. Tone dogo tu kwenye glavu au ncha ya pipeti linatosha kugeuza kisima kuwa buluu. Utaratibu mpya: klorini inaendelea kutumika kwa usalama, kisha benchi linafutwa kwa maji safi na kwa spiriti, glavu zinabadilishwa, na TMB inamiminwa kwenye benchi lingine ambalo halipati klorini kabisa. Tangu hapo buluu za kuzuka zimekoma.

Nimeliandika hili kwa kirefu kwa sababu hakuna mwongozo wa seti ya vitendanishi tuliyonayo unaolitaja, na ni kitu kinachoweza kuua usahihi wa kipimo chochote cha aina hii kwenye maabara ya nchi yoyote inayosafisha kwa klorini.

Machi

Joto. Mwezi huu hapa Tanga hewa ni nzito, na umeme ukikatika kiyoyozi kinalala. Pleti ikitoka friji kwenda inkubeta, visima vya pembeni hupata joto kabla ya vya katikati, na hupoteza maji haraka zaidi. Matokeo yake safu za nje zinakolea. Mtawanyiko wote tulioupunguza Februari ulikuwa ukirudi kupitia pembeni.

Tulichofanya hakina gharama. Vitendanishi vyote na pleti vinaachwa mezani hadi vifikie joto la chumba kabla ya kuanza. Pleti haziwekwi moja juu ya nyingine. Zinafunikwa kwa plastiki yenye gundi na kukaa ndani ya boksi lenye karatasi iliyoloweshwa. Hatua ya kunasa tumeihamishia friji, nyuzi 4 kwa usiku mzima, badala ya saa moja au mbili kwenye joto. Hilo limetupa vitu viwili kwa mpigo: kingamwili inapata muda wa kukutana na molekuli chache zilizopo, na usiku kucha pleti nzima inakuwa na joto moja.

Kuosha pia kumebadilika. Tween-20 (aina ya sabuni) ya asilimia 0.05 kwenye bafa ya fosfati, kisima kijazwe hadi juu, kiachwe nusu dakika, kimwagwe, pleti ipigwe juu ya taulo la karatasi mpaka isibaki alama ya unyevu. Ile nusu dakika ya kuloweka ndiyo inayofanya kazi. Kilichojibandika kwa udhaifu kinahitaji muda wa kuachia, na kuosha harakaharaka mara nyingi hakufikii kuosha taratibu mara chache.

Aprili

Sasa vikuzaji. Mwanafunzi wetu amefanya kazi ya kupigiwa mfano hapa. Ameweka kingamwili ya kugundua katika viwango tofauti kwenye safu za mlalo, na streptavidini yenye peroksidesi nyingi kwenye safu za wima, akasoma kila mkutano mara mbili, mmoja ukiwa na HRP2 kidogo na mwingine ukiwa hauna. Hakutafuta mahali penye rangi kali. Alitafuta mahali ambapo tofauti kati ya vile viwili, ukiigawa kwa mtawanyiko wa utupu, ni kubwa kuliko kwingine. Mahali hapo palikuwa kwenye uzimuaji wa streptavidini ulio mkubwa kuliko unaopendekezwa kwenye karatasi ya maelezo. Rangi ni hafifu kwa macho, lakini mashine inaitenga na utupu bila wasiwasi. Buluu ikisimamishwa kwa asidi ya salfuriki inageuka njano, tunaisoma kwenye nanomita 450, na kutoa usomaji wa 570 ili kuondoa mikwaruzo na alama za vidole chini ya pleti.

HRP2 yenyewe inatusaidia. Mnyororo wake hurudia vipande vilevile vya histidini na alanini mara nyingi, hivyo molekuli moja inaweza kushikwa na kingamwili kadhaa kwa wakati mmoja. Kuna upande wa pili wa hilo: idadi ya marudio hutofautiana kati ya vimelea vya sehemu mbalimbali, kwa hiyo uzito uleule wa protini hautoi rangi ileile kwa kila kimelea. Tunapotoa namba ya pikogramu, ni pikogramu kwa kulinganisha na kiwango rejea tunachotumia. Tunafunga vipimo vyetu kwenye kiwango rejea cha kimataifa cha Shirika la Afya Duniani cha antijeni za *P. falciparum*, na protini ya dukani tunaitumia kwa kazi za kila siku tu baada ya kuilinganisha nacho.

Neno fupi kuhusu kuzimua. Protini kwenye viwango vya pikogramu hujibandika kwenye kuta za mirija ya plastiki. Mirija ya kawaida na bafa isiyo na albumini ilitupa mkondo wa viwango uliopinda chini bila sababu. Mirija isiyoshika protini, albumini kwenye bafa, na kuzimua upya kila siku: mkondo umenyooka.

Mei

Mwezi wenye kazi kubwa kuliko yote, na ndio nilioungoja.

Kitobo cha milimita 3 kwenye karatasi ya chujio kina takriban mikrolita 3 za damu. Ukikiloweka kwenye mikrolita 150 za bafa, umeizimua damu mara 50. Pikogramu 5 kwa mililita, ile ya kimelea kimoja kwa mikrolita, inakuwa pikogramu 0.1. Hakuna kaseini wala kikuzaji kitakachofidia hilo. Inabidi protini ikusanywe kutoka vitobo vingi na kurudishwa kwenye ujazo mdogo.

Hapo ndipo histidini zinapoingia. Histidini hushika nikeli na kobalti. Ukitia kwenye maji ya kulowekea punje ndogo za sumaku zilizovikwa nikeli, HRP2 inazing'ang'ania, unazivuta kwa sumaku hadi ukutani mwa mrija, unamwaga maji, unaosha, kisha unaiachisha protini kwa imidazoli, ambayo inagombania nafasi zilezile na kushinda. Mikrolita mia kadhaa zinageuka mikrolita chache. Wengine duniani wameshatumia njia hii kwa HRP2. Sisi tunaifanyia kazi kwa damu kavu ya karatasi na vifaa vya hapa.

Adui ni hemoglobini. Damu ya mtu mzima ina gramu 120 hadi 170 za hemoglobini kwa lita, na nayo ina histidini juu yake. Mara ya kwanza punje zilitoka na rangi ya chai, na kilichoachiliwa kilikuwa chekundu. HRP2 ilikuwemo, lakini hemoglobini ilikuwa imekalia nafasi nyingi, na isitoshe chuma chake huweza kuiga kazi ya peroksidesi na kuigeuza TMB. Tumeongeza imidazoli kidogo kwenye bafa ya kuoshea, chini kabisa ya kiwango cha kuachisha. Hemoglobini ina histidini chache zilizotawanyika, inaachia. HRP2 ina msururu mzima, inabaki. Baada ya mabadiliko hayo punje zimetoka kahawia asili yake, na maji ya mwisho ni meupe. Punje za kobalti zimekuwa safi zaidi kuliko za nikeli, ila zinashika protini kidogo kwa gharama ileile. Kwa damu ya karatasi tumechagua nikeli na osho moja la ziada.

Tumekagua pia kama imidazoli yenyewe inaharibu ELISA. Tumetengeneza mkondo wa viwango ndani ya imidazoli na mwingine bila hiyo. Kwenye kiwango cha juu kingamwili ya kunasa inalegea kidogo, kwa hiyo kilichoachiliwa tunakizimua mara moja kabla ya kukimimina kisimani, na mkondo wa viwango unatengenezwa kwenye mchanganyiko uleule.

Onyo kwa watakaofuata: damu ya chupa zenye kifuniko cha zambarau isiletwe kwenye hatua hii. Ina EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, na EDTA huibandua nikeli kutoka kwenye punje. Damu iliyotoka kidoleni moja kwa moja hadi karatasini haina shida. Chupa za heparini, zenye kifuniko cha kijani, nazo hazina EDTA.

Juni

Wagonjwa wa malaria kali wanaweza kuwa na zaidi ya nanogramu 1,000 za HRP2 kwa mililita ya plazma. Sisi tunasaka pikogramu chache. Ni tofauti ya zaidi ya mara laki moja ndani ya pleti moja, na ina hatari mbili. Sampuli kali huweza kuchafua jirani yake kupitia ncha au maji ya kuoshea. Tena protini ikiwa nyingi kupita kiasi na hatua zikaunganishwa, kingamwili zote mbili hushiba kila moja kwa molekuli zake, daraja halijengeki, na rangi inashuka badala ya kupanda. Ndiyo maana hatua ya sampuli na ya kingamwili ya kugundua tumezitenganisha kwa kuosha katikati, na kila sampuli inapimwa bila kuzimuliwa na ikiwa imezimuliwa mara 100. Zilizoonekana kali kwenye kipimo cha haraka zinakwenda pleti yake.

Dokta anayesimamia upande wa kliniki ameuliza swali zito: mtu aliyepona je? HRP2 hubaki kwenye damu kwa majuma baada ya dawa mseto kumaliza vimelea. Kadiri tunavyoshuka chini ndivyo tutakavyowaona watu waliopona zamani zaidi. Kwa uamuzi wa kumtibu mtu mmoja, kipimo hiki peke yake hakifai, na nimeliandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo. Kwa kutazama kijiji kizima au kisiwa, na kujua malaria ilipopita hivi karibuni, kina thamani kubwa. Fomu ya sampuli imeongezewa swali: mara ya mwisho kutumia dawa ya malaria ni lini, na ni dawa gani.

Kuna kundi jingine. Kuna vimelea vilivyopoteza kabisa jeni ya HRP2. Viligunduliwa kwanza Peru, taarifa ikachapishwa mwaka 2010, na baadaye vikaonekana vimeenea Eritrea na Ethiopia. Shirika la Afya Duniani hushauri nchi ibadilishe vipimo pale zaidi ya asilimia 5 ya maambukizi yanapokosekana kwa sababu hiyo. Kimelea cha namna hiyo hatutakiona hata tukishuka hadi femtogramu. Kwa hiyo tumeamua kwamba sampuli yenye vimelea kwa PCR (kipimo cha vinasaba) lakini isiyo na HRP2 kwetu haiandikwi kuwa kosa la kipimo. Inatengwa, inapimwa tena pLDH, protini nyingine ya kimelea, kisha jeni zenyewe. Na hapa kushuka kwetu chini kunalipa: ukiwa na kipimo hafifu huwezi kujua kama HRP2 haipo au ni kidogo tu. Ukiwa na kipimo kinachofika pikogramu chache, kukosekana kwake kunaanza kuwa ushahidi.

Julai

Hali ilivyo. Visima vitupu vya damu kavu vimetulia, na tofauti ya pleti moja na nyingine imekuwa ndogo kuliko tofauti ya sampuli na sampuli. Bila punje, kipimo kinatenganisha makumi ya pikogramu na utupu. Kwa punje na vitobo kadhaa vya mtu mmoja, tunashuka hadi kwenye tarakimu moja ya pikogramu, ingawa hapo mtawanyiko bado unatusumbua, hasa kwenye karatasi zilizokaa muda mrefu bila kutunzwa kwenye mfuko wenye kikausha unyevu.

Utunzaji wa karatasi ndio unaofuata. Mama atachukua karatasi za damu moja na kuzigawa sehemu tatu: friza, friji, na rafu ya chumba yenye kikausha unyevu, zikipimwa kila mwezi. Mwanafunzi ataandika hatua ya punje kwa lugha ya fundi wa wilaya, na mtu ambaye hajawahi kuifanya ataijaribu kwa kusoma tu, sisi tukiwa tumekaa pembeni bila kusema neno. Kundi la kwanza la sampuli za Unguja litapimwa baada ya hapo.